Kuacha kazi nchi jirani: Funga hesabu za kodi kabla ya kuvuka mpaka

Na Mwandishi Wetu

Miongoni mwa wanaovusha mizigo Namanga, Sirari, Mutukula na Busia wamo walioanza safari ya biashara wakiwa waajiriwa upande wa pili wa mpaka. Mmoja alikuwa mhasibu wa duka la vipuri Arusha, mwingine mpishi wa hoteli Mombasa, mwingine fundi wa kiwanda Kampala. Alipoacha kazi, malipo ya mwisho ndiyo yaliyogeuka mtaji.

Malipo hayo ndiyo pia yanayoliwa kirahisi kuliko mshahara wowote uliotangulia. Mwajiri ana haraka ya kujaza nafasi, mfanyakazi ana haraka ya kupanda basi, na makato yanafanyika bila maelezo. Miezi sita baadaye mtu yuko kwao na anagundua kwamba hana cheti cha kodi aliyolipa, michango yake ya hifadhi ya jamii imebaki ugenini, na namba yake ya mlipakodi bado iko hai ikizaa faini.

Kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuacha kazi nchi jirani kunahitaji hatua nyingi kuliko kuacha kazi nyumbani. Nyingi ni rahisi zikifanyika kabla ya kuondoka, na ni ngumu mno zikifanyika baada ya mtu kuvuka mpaka.

Mpaka umefunguka, madaftari ya kodi bado

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilisainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Ibara yake ya 10 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuomba kazi na kuajiriwa katika nchi nyingine ya Jumuiya, na inataja haki ya hifadhi ya jamii kama aliyonayo mfanyakazi mwenyeji.

Novemba 30 mwaka huohuo wa 2010, nchi tano za wakati ule, yaani Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, zilisaini makubaliano ya kuzuia mapato yaleyale kutozwa kodi mara mbili. Makubaliano hayo yangeeleza ni nchi ipi yenye haki ya kwanza ya kumtoza mfanyakazi aliyevuka mpaka, na nini kifanyike pale nchi mbili zinapomdai mtu mmoja. Hata hivyo, hayajaanza kutumika kwa sababu si nchi zote zilizokamilisha kuyaridhia.

Matokeo yake ni kwamba mfanyakazi anaweza kuhama kwa kutumia sheria ya Jumuiya, lakini kodi yake inahesabiwa kwa sheria za nchi mbili zisizozungumza. Kinachounganisha madaftari hayo mawili ni karatasi alizobeba mwenyewe.

Hali haikuwa hivi siku zote. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na idara moja ya kodi ya mapato, ikifanya kazi chini ya sheria moja ya mwaka 1958. Kila nchi ilipojitungia sheria yake, nyingi za kanuni zilibaki zikifanana. Ndiyo sababu swali la kwanza la kujiuliza unapoacha kazi lina jibu linalokaribiana Nairobi, Dar es Salaam na Kampala.

Siku 183, siku 122 na nyumba ya kudumu

Swali hilo ni hili: kwa mwaka huu wa kodi, wewe ni mkaazi au si mkaazi? Uraia wako hauamui jibu, na kibali chako cha kazi peke yake hakiamui.

Kenya na Tanzania zina vipimo vitatu. Wewe ni mkaazi ukikaa nchini siku 183 au zaidi ndani ya mwaka wa kodi. Kama hukufikisha, bado unaweza kuwa mkaazi endapo wastani wa siku zako kwa mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia unazidi siku 122. Kipimo cha tatu ni nyumba ya kudumu: ukiwa nayo nchini na ukafika hapo japo kwa muda mfupi wa mwaka, wewe ni mkaazi. Uganda inatumia vipimo vinavyofanana, ila mwaka wake wa kodi huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, tofauti na Kenya na Tanzania ambako mtu binafsi huhesabiwa Januari hadi Desemba.

Chukua mfano wa mtu aliyeanza kazi Nairobi Januari 1 na kuacha Juni 30 ya mwaka huohuo, kisha akarudi kwao. Hata kama hakutoka nje ya Kenya siku moja, amekaa siku 181. Amepungukiwa siku mbili kufikia 183, na kwa kuwa ni mwaka wake wa kwanza, wastani wa miaka mitatu haumsaidii. Kama hana nyumba ya kudumu Kenya, kisheria si mkaazi. Angeondoka Julai 2 hesabu ingekuwa nyingine.

Tofauti hiyo ina bei. Kenya humpa mkaazi nafuu binafsi ya Sh2,400 kila mwezi, ambayo hupunguzwa kwenye kodi yenyewe. Asiye mkaazi hana nafuu hiyo. Kwa miezi sita ni Sh14,400 za Kenya.

Upande wa Tanzania Bara tofauti iko kwenye viwango vyenyewe. Mkaazi hutozwa kwa ngazi: hadi Sh270,000 kwa mwezi hakuna kodi, kisha asilimia 8, 20, 25 na hatimaye asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi milioni moja. Asiye mkaazi hutozwa asilimia 15 kuanzia shilingi ya kwanza.

Kwa mshahara unaotozwa kodi wa Sh900,000 za Tanzania, mkaazi hulipa Sh103,000 kwa mwezi: Sh68,000 za ngazi za chini, pamoja na asilimia 25 ya Sh140,000 zinazozidi Sh760,000. Asiye mkaazi hulipa Sh135,000. Pengo ni Sh32,000 kwa mwezi, sawa na Sh192,000 kwa miezi sita. Kwa mwenye mshahara mkubwa mambo hugeuka. Kwa Sh3,000,000 mkaazi hulipa Sh728,000, ilhali asiye mkaazi hulipa Sh450,000.

Ushauri unaotokana na hesabu hizi ni mmoja: kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, fungua pasipoti au kitabu chako cha safari na uhesabu siku kwa mihuri. Siku ulizokwenda nyumbani kwa likizo au msiba si siku za kukaa nchini ulikoajiriwa. Wiki moja ya kuchelewa au kuwahi inaweza kubadili fungu unalotozwa.

Nyumba Kajiado, kazi Arusha

Kipimo cha nyumba ya kudumu ndicho kinachowabana watu wa mipakani kuliko vingine. Fikiria Mkenya anayefanya kazi Arusha, mwenye nyumba na familia Kajiado, anayekwenda nyumbani kila mwisho wa mwezi. Tanzania inamwona mkaazi kwa kuwa anakaa nchini zaidi ya siku 183. Kenya nayo inamwona mkaazi kwa kuwa ana nyumba ya kudumu na ameingia nchini ndani ya mwaka. Sheria ya Kenya humtoza mkaazi kodi ya mshahara hata kwa kazi iliyofanyika nje ya Kenya.

Mtanzania wa Moshi anayefanya kazi Nairobi yuko katika hali hiyohiyo kwa upande wake, kwa sababu mkaazi wa Tanzania hutozwa kwa mapato ya popote duniani. Anayebaki nje ya hesabu hii ni aliyeishi Tanzania jumla ya miaka miwili au chini katika maisha yake yote. Huyo hutozwa kwa mapato yaliyotokana na Tanzania tu. Ni nafuu kwa Mkenya au Mganda aliyekuja kwa mkataba mfupi.

Je, mtu huyu analipa mara mbili? Si lazima. Sheria za nchi zote mbili zinaruhusu kupunguza kodi ya nyumbani kwa kiasi kilichokwisha kulipwa ugenini, mradi kisizidi kodi ambayo mapato hayo yangetozwa nyumbani. Lakini nafuu hiyo haiji yenyewe. Inadaiwa, tena kwa ushahidi. Bila cheti kinachoonyesha jina lako, namba ya mlipakodi, kipato na kodi iliyokatwa, ofisa wa kodi wa nyumbani hana cha kukupunguzia.

Kwa Tanzania, cheti hicho ni haki ya mfanyakazi. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi aliyeacha kazi cheti cha kodi iliyokatwa ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma, bila kusubiri mwaka uishe. Kenya karatasi inayofanya kazi hiyo ni P9, inayoonyesha mwezi kwa mwezi mshahara na kodi iliyokatwa. Iombe kwa maandishi pamoja na barua yako ya kuacha kazi.

Fedha inayorudi Kenya

Anayeacha kazi Kenya katikati ya mwaka ana jambo jingine la kufuatilia, nalo ni fedha anayoweza kurudishiwa. Kodi ya mshahara hukatwa kila mwezi kana kwamba mfanyakazi atapata mshahara uleule miezi yote 12. Akiacha Juni, ngazi za chini za nusu ya pili ya mwaka zinabaki bila kutumika.

Kwa mshahara unaotozwa kodi wa Sh60,000 za Kenya, makato ya mwezi kabla ya nafuu ni takriban Sh12,783: asilimia 10 ya Sh24,000 za kwanza, asilimia 25 ya Sh8,333 zinazofuata na asilimia 30 ya zilizobaki. Kwa miezi sita ni karibu Sh76,700. Lakini ikiwa Sh360,000 hizo ndizo mapato yake yote ya mwaka, ngazi za mwaka mzima zinatoa kodi ya Sh46,800 tu. Tofauti ni kama Sh29,900, hata kabla ya kuingiza nafuu ya mkaazi.

Tofauti hiyo huonekana pale tu mtu anapojaza ritani ya mwaka kwenye mfumo wa iTax, ambayo mwisho wake ni Juni 30 ya mwaka unaofuata. Sheria inaruhusu kudai kodi iliyozidi ndani ya miaka mitano tangu ilipolipwa. Anayeondoka bila neno siri la iTax, au akiwa amejisajili kwa barua pepe ya ofisini iliyofungwa siku alipoacha kazi, amejifungia mlango wa fedha hiyo. Badilisha barua pepe na namba ya simu kwenye akaunti yako ukiwa bado nchini.

Nini ni chako siku ya mwisho

Malipo ya mwisho huja kama fungu moja benki, lakini yana sehemu kadhaa, na kila sehemu ina kanuni yake. Dai mchanganuo ulioandikwa.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mwajiri anayetaka uondoke leo hulipa mshahara wa muda huo. Mfanyakazi anayeondoka bila notisi naye anaweza kukatwa. Unalipwa pia siku ulizofanya kazi na likizo uliyoistahili bila kuichukua.

Kiinua mgongo kina masharti zaidi. Hulipwa pale mwajiri anapovunja ajira ya mtu aliyetumikia angalau miezi 12 mfululizo, kwa kiwango kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati. Aliyeacha kazi kwa hiari yake naye asikiweke kwenye hesabu ya mtaji, isipokuwa mkataba wake unasema vinginevyo. Kwa mshahara wa Sh900,000 na miaka mitatu iliyokamilika, kiwango cha chini ni takriban Sh727,000.

Kuna haki moja ambayo wageni wengi huisahau, ya usafiri hadi mahali mfanyakazi alikoajiriwa. Ajira ikikoma mahali pengine, mwajiri humsafirisha yeye na mizigo yake binafsi, au humlipa gharama hiyo, pamoja na posho ya kujikimu anaposubiri usafiri. Kiini ni neno “alikoajiriwa”. Aliyefuatwa Kisumu na kuletwa Mwanza ana dai. Aliyekuja mwenyewe akasaini mkataba Mwanza, hoja yake ni dhaifu. Mkataba ulioandika wazi mahali pa kuajiriwa humaliza ubishi.

Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005 na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF. Aliyefanya kazi Unguja au Pemba asitumie vipimo vya Bara.

Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, na anayeondoka kabla ya mwaka kutimia hulipwa kwa uwiano wa siku 1.75 kwa kila mwezi aliotumikia. Anayepunguzwa kazi hupata angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Nchi zote mbili zinampa mfanyakazi haki ya cheti cha utumishi.

Mwajiri akigoma, angalia kalenda kabla ya kuangalia basi. Tanzania Bara, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine, kama stahiki zisizolipwa, ndani ya siku 60. Kenya sheria inatoa miaka mitatu kwa madai mengi ya ajira. Aliyezoea utaratibu wa Nairobi akirudi nyumbani kutoka Dar es Salaam kwa nia ya kufuatilia “baada ya sikukuu”, atakuta muda umekwisha.

Michango iliyobaki kwenye mfuko

Bado hakuna utaratibu unaofanya kazi wa kuunganisha miaka ya michango kati ya NSSF ya Kenya, ya Uganda na ya Tanzania. Miaka minne uliyochangia Kampala haijumlishwi na sita uliyochangia Mwanza ili ufikie sifa ya pensheni. Kila mfuko unakuhesabu peke yako.

Sheria za mifuko ya Kenya na Uganda zina fungu la malipo kwa mwanachama anayehama nchi moja kwa moja. Masharti yake yanahitaji vielelezo ambavyo ni rahisi kuvipata ukiwa bado upo: barua ya mwajiri ya kukoma kwa ajira, nakala ya kibali, pasipoti na taarifa ya michango. Tanzania, ambako mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10, nenda ofisi ya mfuko kabla ya siku ya mwisho ukaulize fomu inayokuhusu.

Taarifa ya michango ina kazi ya pili: inaonyesha kama mwajiri aliwasilisha alichokukata. Ilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi. Ukiona mwezi mtupu, ni rahisi kumbana mwajiri ukiwa bado mezani kwake kuliko ukiwa ng’ambo ya mpaka.

Ajira ikikoma, kibali nacho

Kibali cha kazi cha mgeni hufungwa kwa mwajiri na kazi iliyotajwa. Ajira ikikoma, msingi wa kibali umekwisha, hata kama tarehe iliyochapwa bado iko mbele. Kenya, Rwanda na Uganda zimefutiana ada ya vibali vya kazi, lakini kufuta ada si kufuta kibali. Raia wa Jumuiya anaweza kuingia nchi jirani kama mgeni kwa hadi miezi sita, ila ruhusa hiyo ya matembezi haimpi haki ya kuajiriwa.

Hapa ndipo wanaotaka kugeuza kiinua mgongo kuwa duka wanapojikwaa. Kuleta bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kwa cheti rahisi cha uasili ni jambo moja. Kufungua duka na kupata leseni ndani ya nchi jirani ni jambo jingine. Tanzania ilitoa amri Julai 2025 inayozuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za jumla na rejareja kwa sehemu kubwa, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni. Anayepanga kubaki afanye biashara apate kwanza jibu la ofisi ya biashara ya halmashauri, kabla hajalipa kodi ya pango.

Anayerudi kwao asichanganye vyombo vya nyumbani na mzigo wa kuuza. Forodha ya Jumuiya ina nafuu kwa vitu vya matumizi binafsi vya mtu anayehamisha makazi. Katoni tano za bidhaa mpya ndani ya lori la makochi zinaweza kuufanya mzigo wote utiliwe shaka. Anayebeba fedha taslimu zinazofikia dola 10,000, au thamani hiyo kwa shilingi, azitangaze mpakani. Benki ni salama zaidi.

Namba ya mlipakodi inabaki hai

PIN ya Kenya haifungwi na barua ya kuacha kazi. Maadamu wajibu wa kodi ya mapato uko hai, mfumo unasubiri ritani kila Juni 30, hata kama ni ya kusema hukupata kitu. Asiyewasilisha hukabiliwa na faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kilicho kikubwa. Miaka mitano ya kunyamaza ni angalau Sh10,000, na mtu hajafanya kosa jingine lolote. Mwenye nia ya kutorudi aombe KRA imfungie wajibu huo. Mwenye nia ya kurudi kibiashara aendelee kuwasilisha ritani.

Tanzania, mfanyakazi ambaye mapato yake yote ni mshahara uliokwisha kukatwa kodi na mwajiri mmoja kwa kawaida hana ritani ya mwaka. Lakini aliyetumia TIN kufanya biashara ndogo pembeni, kukodisha nyumba au kusajili gari la biashara, ana hesabu ya kufunga TRA. Na akirudi kutafuta leseni ya biashara, ataombwa uthibitisho kwamba hadaiwi kodi. Deni lililosahauliwa la mwajiriwa wa zamani ndilo litakalomkwamisha mfanyabiashara mpya.

Kama wewe ndiye mwajiri

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana maduka na maghala, na baadhi wameajiri kutoka upande wa pili. Kodi ya mshahara huwasilishwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata Tanzania, tarehe 9 Kenya, na tarehe 15 Uganda na Rwanda. Malipo ya mwisho nayo hukatwa kodi: mshahara wa notisi na likizo isiyochukuliwa ni mapato ya ajira.

Mfanyakazi mgeni anapoondoka, mpe cheti cha kodi, cheti cha utumishi na mchanganuo wa malipo, kisha zijulishe ofisi za kazi na uhamiaji zilizotoa vibali. Kibali kilicho wazi kwa jina la mtu asiye kazini ni swali utakaloulizwa wewe, siyo yeye.

Somo la mwaka 1977

Eneo hili lina kumbukumbu chungu ya wafanyakazi walioachwa na hesabu wazi. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wa reli, bandari, posta na shirika la ndege walijikuta wakimdai mwajiri asiyekuwapo tena. Mali na madeni viligawanywa kwa Mkataba wa Usuluhishi wa mwaka 1984, chini ya msuluhishi Victor Umbricht, na kila nchi ikabeba jukumu la kuwalipa watu wake. Kwa Tanzania, madai ya wastaafu hao yaliendelea mahakamani na barabarani Dar es Salaam hadi miaka ya 2000. Wengine walifariki wakisubiri.

Waliokuwa na barua za ajira na kumbukumbu za makato walikuwa na cha kuonyesha. Mfanyakazi wa leo anayevuka mpaka hana sababu ya kusubiri serikali ziridhie makubaliano ya 2010 au zikamilishe kuunganisha mifuko ndipo ajilinde.

Beba hizi kabla ya kuondoka

• Mkataba wa ajira na barua ya kukoma kwa ajira, zenye tarehe.
• Cheti cha kodi iliyokatwa au P9 kwa kila mwaka uliofanya kazi.
• Hati za mshahara, walau za miezi 12 ya mwisho.
• Mchanganuo wa malipo ya mwisho uliosainiwa na mwajiri.
• Taarifa ya michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii na namba ya uanachama.
• Cheti cha utumishi.
• Nakala za kibali cha kazi, kibali cha ukaazi na kurasa za pasipoti zenye mihuri.
• Neno siri la akaunti ya kodi, likiwa limeunganishwa na simu na barua pepe yako binafsi.

Piga picha kila karatasi na uzihifadhi pia nje ya simu. Ofisi inayohama, kampuni inayofungwa au mhasibu anayebadilishwa visiwe sababu ya kupoteza ushahidi wa kodi uliyokwisha kuilipa.